Mwanya Si Pengo: Uhakiki wa Istilahi za Tiba na Urembo wa Meno

Karatasi mbili zilizotufikia hivi karibuni ndizo zilizotulazimu kuliandika jambo hili. Ya kwanza ni kijikaratasi cha matangazo cha zahanati moja ya meno ya mjini, ambayo hatutaitaja jina, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza pamoja na fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa hutakiwa kuitia sahihi kabla ya kutibiwa. Ya pili ni barua ya mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Arumeru. Mwalimu huyo anaeleza habari za mwanafunzi wake mwenye meno ya kahawia, ambaye kila aulizwapo swali darasani hujibu huku amejiziba mdomo kwa kiganja. Wazazi wake waliomba msaada wa gharama za matibabu mahali fulani, wakajibiwa kwa barua fupi, ya Kiswahili safi kabisa, kwamba maombi yao hayawezi kukubaliwa kwa kuwa "urembo wa meno" haumo miongoni mwa huduma zinazogharamiwa. Mwalimu anatuuliza: je, neno urembo ni sahihi hapo? Swali hili halihitaji daktari ili lijibiwe. Ni swali la istilahi, na kwa hiyo ni letu.

Tuanze na kijikaratasi. Haki yake tuitoe kwanza: mfasiri hakukimbilia kutohoa kila neno lililomshinda, na sarufi yake haina kasoro kubwa. Lakini kila tulipomaliza ukurasa tulijikuta tukiuliza ni nani aliyekuwa akisemeshwa. Kichwa cha habari kinamhimiza msomaji aboreshe tabasamu lake. Ndani yake mna "usanifu wa tabasamu", mna "tabasamu jipya", na mna aya nzima juu ya "tabasamu lenye kasoro". Maneno yote haya ni ya Kiswahili, ila fikra iliyoyabeba si ya Kiswahili. Kwetu tabasamu ni tendo. Mtu hutabasamu, kisha huacha. Tabasamu laweza kuwa la furaha, la haya, la kejeli au la kujilazimisha, na aghalabu hufanywa kwa midomo iliyofumba, meno yasionekane hata kidogo. Anayeyatoa meno yake yote nje tunasema amekenua, na kukenua hakujawa sifa. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba tabasamu lake lina kasoro umemshutumu tabia: yamkini ni mnafiki, yamkini ana dharau. Mwenye jino lililovunjika ana kasoro ya jino. Tabasamu lake huenda likawa zuri kuliko la daktari atakayemtibu.

Si vigumu kuona fikra hii ilikotoka. Katika Marekani ya miaka ya 1930, daktari wa meno Charles Pincus alikuwa akiwatengenezea waigizaji wa filamu za Hollywood vigamba vyembamba vya kubandika juu ya meno ya mbele, ili meno yaonekane meupe na yaliyopangika mbele ya kamera. Picha zikiisha kupigwa, vigamba vilibanduliwa. Kilichotafutwa pale kwa hakika kilikuwa tabasamu, maana kamera haikuhitaji jino la kutafunia bali kitendo cha uso kwa dakika chache. Lugha ya biashara ya meno katika nchi ile imelishikilia neno hilo hata leo, na mfasiri wetu amelipokea pasipo kuuliza lina kazi gani kwa msomaji wa Morogoro au wa Tanga. Watu wetu wana neno lao, tena jepesi: husema wanakwenda kutengeneza meno. "Matengenezo ya meno ya mbele" hakipendezi sana kama kichwa cha tangazo, tunakiri, lakini atakayekisoma atajua anaitiwa nini.

Kosa hilo ni la mtindo, na msomaji atacheka apite. Kosa la pili ni zito zaidi. Kijikaratasi kinayataja mambo yanayohitaji matibabu: meno yaliyooza, yaliyovunjika, yaliyopandana, yaliyobadilika rangi, na "mianya". Hapana shaka katika Kiingereza paliandikwa neno moja lenye maana ya nafasi kati ya jino na jino, mfasiri akafungua kamusi, akakuta mwanya, akaandika. Hakuikosea kamusi, amewakosea watu. Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo Kiingereza hutosheka na moja. Pengo ni mahali pa jino lililotoka au lililong'olewa: palikuwa na kitu, na sasa hapana. Mwanya ni nafasi aliyojaaliwa mtu baina ya meno mawili ya mbele ya juu, na hapo hakuna kilichopotea. Mwenye mapengo huhurumiwa au hutaniwa, na yule asiyebakiwa na jino hata moja huitwa kibogoyo. Mwenye mwanya husifiwa. Tangu zamani mwanya umehesabiwa miongoni mwa alama za uzuri, ukatajwa pamoja na macho na shingo, na wako wengi wasiojaaliwa ambao wangependa kuwa nao.

Sasa tuisome fomu ya ridhaa. Katika kifungu chake cha tatu mgonjwa anakubali "kuzibwa mianya iliyopo". Mwanamke aliyekwenda kutiwa jino mahali pa pengo la gego, naye ana mwanya mbele, akitia sahihi hapo ametoa ruhusa ambayo hakuikusudia. Daktari aliyefundishwa kwa vitabu vya kigeni, ambavyo huihesabu nafasi hiyo kuwa moja ya dosari za mpango wa meno, atadhani ameombwa. Na mgonjwa atadhani kifungu kinahusu pengo lake. Hatusemi kwamba hakuna atakaye mwanya wake uzibwe. Wako, na hiyo ni hiari yao. Tunasema kwamba hiari haiwezi kuwapo ikiwa neno limekwisha kuamua.

Wala mwanya si mfano wa pekee katika sehemu zetu hizi. Wamakonde walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele yakawa na ncha. Wajaluo, wa Kenya na wa Mara vilevile, waliwang'oa vijana meno sita ya mbele ya chini, na Wamaasai mawili ya chini. Kwa Wamaasai husemwa kwamba nafasi hiyo ilifaa kumnyweshea mtu aliyebanwa mataya na pepopunda. Desturi hizi zimepungua sana, na wapo wazee ambao leo wanataka nafasi hizo zijazwe, kama wapo wasiotaka. Jambo la kuzingatia kwa mtunga istilahi ni kwamba pengo lililotokana na ajali na pengo lililotokana na jando la kabila huonekana sawa kwenye picha ya eksirei, na kumbe si kitu kimoja kwa mwenye kinywa. Orodha ya "kasoro" iliyofasiriwa neno kwa neno haina nafasi ya tofauti hiyo.

Kuhusu pengo tuna hazina nyingine. Methali yasema: Jino la pembe si dawa ya pengo. Wengi huitumia kwa maana ya mafumbo tu, wakasahau kwamba ina istilahi tatu za fani hii katika maneno machache. Inalo jina la kifaa, yaani jino la pembe, ambalo limetajwa kwa kitu kilichotumika kulitengenezea. Inalo jina la upungufu, yaani pengo. Na zaidi ya yote inalo neno dawa. Waliosema maneno haya waliona kwamba pengo ni jambo la kutafutiwa dawa; hawakusema kwamba jino la pembe si urembo wa pengo. Tunaomba msomaji alishike neno hilo, kwa kuwa tutalirudia tutakapomjibu mwalimu.

Siku hizi twasema jino bandia, au meno ya bandia. Baadhi ya wenzetu wametuandikia kwamba neno bandia limeharibika, kwa kuwa magazeti na barua za ofisi hulitumia kwa noti za kughushi na dawa za udanganyifu. Hoja yao ina uzito, ila hatuoni kwamba umma umepotea. Hakuna aliyepata kudhani kwamba babu mwenye meno ya bandia ni mwongo. Liachwe.

Lakini kijikaratasi chetu kina neno jingine la kutia jino, nalo ni "kipandikizi". Makusudio yake ni ule ufundi ambao Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliuanzisha kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965, baada ya kugundua kwamba mfupa hushikamana imara na madini ya titani. Kijiti cha titani huchomekwa katika mfupa wa taya mahali pa mzizi uliopotea. Mfupa hukikumbatia kwa muda wa miezi kadhaa. Kisha juu yake hutiwa jino la kutengenezwa. Methali ya jino la pembe imepata mpinzani wake hapo. Ila neno kipandikizi lina mwenyewe. Kila mama aliyepata kufika kliniki ya uzazi wa mpango anajua kwamba kipandikizi ni kile kiwekwacho chini ya ngozi ya mkono. Tena twasema kupandikiza figo, tukiwa na maana ya kiungo hai kilichotoka kwa mtu mwingine. Mgonjwa akiulizwa na daktari wa meno kama angependa kipandikizi, ana haki ya kushtuka. Twapendekeza mzizi bandia. Jina hili laeleza kitu chenyewe: si jino, ni mzizi wake, na linamfahamisha mgonjwa tangu mwanzo kwamba baada ya mzizi bado kuna kitu cha kuwekwa juu, na bado kuna gharama.

Hicho cha juu nacho kina shida yake. Kijikaratasi chakiita "taji". Neno hili lina kasoro ya kutumika mara mbili, kwani vitabu vya mafunzo huita taji ile sehemu ya jino la asili inayoonekana juu ya ufizi, halafu huita taji kile kifuniko cha kauri au cha madini kinachovikwa juu ya jino lililodhoofika. Mwanafunzi akisoma kwamba taji limevunjika hajui ni lipi. Na tena mwenye taji kwa Kiswahili ni mfalme, wala hakuna aliye mfalme kwa kuoza jino. Sehemu ya asili na iwe kichwa cha jino, na kifuniko kiwe kofia ya jino. Kofia huvikwa, hushuka pande zote za kichwa, na huweza kubadilishwa ikichakaa. Na ndivyo ilivyo kwa hiyo nyingine.

Hapo ndipo tunapofika penye kosa kubwa kuliko yote katika karatasi hizi, nalo limo katika fomu ya ridhaa. Mfasiri ametumia neno moja, "vifuniko", kwa kofia zinazolizunguka jino zima na kwa vile vigamba vya kauri vinavyogandishwa upande wa mbele tu. Angalau hilo ni upungufu wa msamiati. Lakini kisha anaandika kwamba kabla ya vifuniko kuwekwa, "meno yataandaliwa". Tumewasomea sentensi hiyo watu kadhaa wasiohusika na fani hii, tukawauliza wamefahamu nini. Mmoja alisema meno yatapigwa mswaki. Mwingine alisema yatakwanguliwa ukoga. Wa tatu, mtumishi wa serikali mwenye elimu nzuri, alisema huenda yatachomwa sindano ya ganzi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba jino zima litachongwa. Na hiyo ndiyo maana yake. Ili kigamba kikae bila kutokeza, kwa kawaida mganga huondoa karibu nusu milimita ya enameli, yaani lile tabaka gumu la nje la jino; na kwa kofia huondoa zaidi, tena pande zote. Enameli ikiondolewa haioti tena. Haina chembe hai za kuijenga upya, si kama ngozi wala kama ukucha. Tangu siku hiyo jino lile litakuwa la kuvikwa maisha yote ya mwenyewe, na kila kigamba kitakapovunjika au kubanduka kitahitaji kingine.

Katika Kiingereza cha madaktari neno la kuandaa lina maana hiyo hasa, na kila daktari anaijua. Mfasiri aliyeligeuza kuwa kuandaa amefasiri neno akaiacha maana nje. Sisi huandaa chakula, huandaa mkutano, huandaa safari. Hakuna kitu kilichoandaliwa kikapunguzwa. Neno lililotakiwa ni kuchonga, na kila mtu analo: seremala huchonga, na wazee tuliowataja hapo juu walichonga. Pengine mwenye zahanati alikuwa na sababu ya kutolitaka neno hilo, kwa vile linatisha. Hatujui, wala si kazi yetu kumdhania mabaya. Ila fomu ya ridhaa ambayo imeandikwa ili isitishe si fomu ya ridhaa.

Tumetumia neno kigamba, nalo pia litapingwa. Mwaka 2011 chama tawala cha Tanzania kilitangaza kwamba kitajivua gamba, na tangu hapo neno hili limekuwa na harufu ya siasa: gamba ni kitu cha kuvuliwa. Tulipolijadili, mwenzetu mmoja alisema kwamba mgonjwa akisikia kigamba atadhani atakivua atakapo. Vile vya waigizaji wa Hollywood vilivuliwa kweli. Lakini mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikikwaruzwa kwa asidi hushika gundi kwa nguvu, na kutoka hapo, katika miaka ya 1980, vikaja vigamba vya kauri vinavyogandishwa moja kwa moja. Hivi havivuliki ila kwa kusagwa. Tumefikiria utando, tukaona ni laini mno. Tumefikiria kigae, tukaona kinamfanya mtu kuwa bafu. Tumebaki na kigamba, kwa sharti kwamba kisitajwe popote katika fomu bila neno kuchongwa na neno kugandishwa kando yake.

Mengine katika kijikaratasi ni madogo. "Kujaza jino" kuwe kuziba jino, kama watu wasemavyo, maadamu kuna tundu. Na pale ambapo ncha ya jino imevunjika ikaundwa upya kwa utomvu mgumu wa rangi ya jino, hakuna tundu la kuzibwa, basi isemwe kujenga jino. "Matibabu ya mfereji" yamwachie fundi bomba; tiba ya mzizi inatosha.

Juu ya kung'arisha tulibishana kwa muda. Dawa zenye peroksidi ya haidrojeni huyafanya meno kuwa meupe zaidi, haziyafanyi yang'are. Kinachong'ara ni sufuria iliyosuguliwa. Kupausha kungekuwa sahihi zaidi kikemia, ila kilichopauka kwetu ni kibaya, kama ngozi isiyopakwa mafuta. Mwenzetu mpenda lugha ya kale alipendekeza kutakatisha, kwa kuwa nguo ikifuliwa vizuri hutakata. Pendekezo lilikuwa zuri hadi tulipokumbuka kwamba utakatishaji siku hizi ni kosa la jinai linalohusu fedha haramu, na hatukutaka mtu afikishwe mahakamani kwa ajili ya meno yake. Basi kung'arisha kumeshinda kwa sababu umma umekwisha kukuchagua. Tunachodai ni kwamba kisichanganywe na kukwangua ukoga, ambako ni usafi na kinga ya fizi, na kwamba mgonjwa aambiwe wazi kuwa dawa hiyo haibadili rangi ya kofia, ya kigamba wala ya mahali palipozibwa. Kijikaratasi kimeyachanganya yote chini ya "kusafisha meno", na kwa hiyo mtu mwenye kofia mbili mbele atalipa fedha zake ili ajikute na meno ya rangi mbili.

Sasa tumjibu mwalimu wa Arumeru.

Kuremba ni kuongeza juu ya kitu ambacho tayari kimetimia. Mlango hutimia kwa kufungwa na kufunguliwa; nakshi ni urembo wake. Mkono hutimia bila hina, jicho hutimia bila wanja. Jino zima lililovikwa dhahabu, kama walivyopenda watu wengi wa pwani, wa Unguja na wa Omani, ni urembo, na ni urembo halali ambao hakuna sababu ya kuuonea haya. Kadhalika mtu mwenye meno mazima, yenye rangi ya kawaida ya meno ya binadamu, akitaka yawe meupe kama karatasi, anataka urembo. Lakini hakuna aliyepata kusema kwamba mtu aliyekatwa mguu akapewa mguu wa bandia amejiremba. Wala mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, akashonwa, hasemwi kuwa amerembwa. Katika hali hizo kuna kilichopungua, na kinachofanywa ni kukitimiza.

Je, meno ya kahawia ya mwanafunzi yule yamepungukiwa na kitu? Yamepungukiwa. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kama katika sehemu nyingine za Bonde la Ufa hadi Nakuru na Naivasha, maji hupita katika miamba ya volkano na kuchukua madini ya floridi. Floridi kidogo hulisaidia jino lisioze, ndiyo maana hutiwa katika dawa za mswaki. Ikizidi katika miaka ya utotoni, wakati meno ya ukubwani yangali yanaumbwa ndani ya mataya, enameli huumbwa na hitilafu: mwanzo huwa na mabaka meupe, kisha hushika rangi ya kahawia, na katika hali mbaya huchimbika na kumegeka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Maji ya baadhi ya mito na chemchemi za Arumeru hukipita kikomo hicho mara kadhaa, na magadi yanayotiwa katika maharage huongeza. Pale Ngurdoto kiliwekwa kituo cha utafiti wa kuyaondoa madini hayo, na mojawapo ya njia zake ni kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Rangi hiyo basi haikutokana na uvivu wa mswaki, wala haiondoki kwa mswaki. Imo ndani ya jino. Mtoto ameinywa.

Katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa tumeandika tiba rejeshi, kwa mfano wa istilahi kama isimu linganishi na elimu shirikishi, tukikusudia matibabu yote yanayolirudishia jino umbo, rangi na kazi yake. Barua ya mwalimu ndiyo iliyotuonyesha udhaifu wake. Mwenye bima au mwenye fedha za umma atauliza: kurejesha nini? Jino hili halikupata kuwa jeupe hata siku moja. Kwa neno rejeshi mtoto wa Arumeru angetolewa nje kwa mara ya pili, safari hii na sisi wenyewe. Kwa hiyo tumelibadili: tiba rekebishi ya meno. Kurekebisha kunakiingiza kilichoharibika baada ya kuwa kizuri, na kunakiingiza kilichoumbika vibaya tangu mwanzo. Urembo wa meno na ubaki kwa yale yanayofanywa juu ya jino zima. Daktari ndiye atakayesema lipi ni zima na lipi si zima; kazi ya istilahi ni kumpa mahali pa kulisema hilo.

Itasemwa kwamba tunalikuza jambo, kwamba jina halimwumizi mtu. Tunawakumbusha wasomaji habari ya "meno ya nailoni", ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Katika miaka ya 1980 neno hilo lilienea nchini mwetu. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuharisha, huku fizi zake zimevimba, ilisemwa kwamba ana meno ya nailoni na kwamba atakufa yasipotolewa. Kilichokuwa mle ni chonge za utotoni, laini na nyeupe kwa kuwa hazijakomaa, kama zilivyo kwa kila mtoto wa umri ule. Waganga wa jadi walizichimbua kwa visu na kwa spoki za baiskeli. Watoto walitokwa na damu, wengine walipata maambukizo, wengine walikufa. Na miongoni mwa waliopona wako ambao chonge zao za ukubwani hazikuota, au ziliota zikiwa zimeharibika. Ugonjwa wenyewe haukuwapo. Lilikuwapo jina. Baadhi ya watoto wale leo ni watu wazima, na wanapokwenda kutengenezewa chonge zao hupewa fomu ileile yenye safu ya urembo.

Tumemwandikia mwalimu kwamba barua aliyojibiwa mzazi ilitumia neno lisilo lake, na kwamba anaweza kuomba ifikiriwe upya kwa jina la tiba rekebishi, akiambatisha maelezo ya daktari. Kwa zahanati tumepeleka kifungu badala ya kile cha kuandaliwa, nacho ni hiki: "Nimeelezwa na nimefahamu kwamba enameli ya jino langu itachongwa, kwamba ikichongwa haioti tena, na kwamba jino hilo litahitaji kugandishiwa kigamba au kuvikwa kofia muda wote wa maisha yangu." Kuhusu mapengo na mwanya, tumeomba vitenganishwe. Mapengo yaandikwe kwa namba ya jino na jino. Mwanya uwekewe mstari wake peke yake, swali liwe kama mgonjwa anataka uzibwe, na mbele yake paachwe nafasi ya yeye mwenyewe kuandika ndiyo au hapana kwa mkono wake.